Tangi Lililojibu Hodi

Kidole cha Loyce kilikuwa bado ndani ya ndoo, na sisimizi walikuwa bado wanaipanda ndoo ile kwa mstari ulionyooka kama wanafunzi kwenye gwaride.

Alikitoa kidole. Alikinusa.

Rezini halisi hunuka hata macho yakatoa machozi. Kitu hiki hakikumtoa chozi hata moja. Kilikuwa kizito, cha rangi ya dhahabu iliyokolea, nacho kilitiririka kidoleni pasipo haraka yoyote.

"Antipasi," aliita, "njoo uonje."

Antipasi, fundi mwenzake, alisogea na rola yake mkononi, akachungulia, akarudi nyuma.

"Dada Loyce, mimi nalipwa kuipaka rezini, si kuila."

"Sisimizi wanaila."

"Sisimizi hawana watoto wa kusomesha."

Hata hivyo, alichovya. Alilamba. Nyusi zake zilipanda mpaka zikakaribia kofia.

"Asali!"

"Asali," alisema Loyce.

"Sasa rezini yetu iko wapi?"

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita kwa uzembe wake mwenyewe, maelezo ni haya, nayo hayatarudiwa.

Loyce hutengeneza matangi ya faiba hapa Iguguno, katika banda aliloazimwa na ushirika wa wakamuaji wa alizeti. Hutandika mkeka wa nyuzi za kioo juu ya kalibu, huulowesha kwa rezini, gundi ya majimaji iliyotiwa dawa ya kuigandisha, huukanda kwa rola mpaka hewa yote itoke, kisha huongeza mkeka mwingine juu yake. Mkeka peke yake hupeperushwa na upepo. Rezini peke yake huvunjika kama sahani. Vikishikana, huwa kitu kimoja kigumu, chepesi, kisichojua kutu.

Alasiri ya siku ile ile kamati ya ushirika ilikuwa ije kulijaribu tangi lake pamoja na tangi la chuma la Chediel, mchomeleaji mwenye karakana chini ya mteremko. Mshindi angeyatengeneza matangi yote ya mafuta ya ushirika, tena angepewa banda. Mshindwa angefungasha vyombo vyake.

Tangi la Loyce lilikuwa limekamilika isipokuwa kwa jambo moja. Lilikuwa bado nusu mbili, kama maganda mawili ya karanga. Ganda la chini lilikuwa limelala juu ya magogo, limezuiwa kwa vigingi. Ganda la juu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Kuyaunganisha kulihitaji ndoo moja ya rezini.

Ndoo hiyo ndiyo iliyokuwa inaliwa na sisimizi.

"Ni Chediel," alisema Antipasi. "Naapa ni Chediel. Jana mchana tulipokwenda kula nilimwona akipita nyuma ya banda huku anapiga mluzi. Mtu mwema hapigi mluzi mchana wa jua."

"Mluzi si ushahidi."

"Twende kwa mwenyekiti wa kijiji!"

"Tukamwambie nini? Kwamba tumekutwa na ndoo ya asali isiyo yetu?"

Antipasi aliiweka rola chini.

Loyce alichovya tena, safari hii kwa makusudi, akaiacha asali ikae ulimini. Ilikuwa nzito na nyeusi kidogo, nayo iliacha moshi nyuma ya koo. Asali ya Itigi. Wengine wote wa Iguguno waliuza asali ya huku huku Mkalama. Ya Itigi iliuzwa na mtu mmoja tu.

"Peniel," alisema.

"Mke wa Chediel!"

"Sasa fikiri. Chediel anataka rezini yangu isigande mbele ya kamati, niaibike. Atatia kitu gani ndani ya ndoo nisigutuke? Maji? Ningeyaona. Kinachofanana na rezini kuliko vyote hapa Singida ni asali. Ameichota wapi? Stoo kwa mkewe. Na mkewe huzihesabu ndoo zake kila jioni."

"Kwa hiyo ndoo haiwezi kupungua."

"Wala haiwezi kuwa tupu."

Antipasi alianza kucheka polepole, mabega kwanza. "Amezibadilisha. Rezini yetu imo ndani ya ndoo ya asali."

"Chediel huokota misumari iliyopinda barabarani akainyoosha. Unadhani mtu huyo anaweza kuimwaga ndoo nzima ya rezini?"

"Dada, tunakwenda kuiiba?"

"Hatuibi," alijibu Loyce, akijifunga khanga kiunoni. "Tunakwenda kununua asali."

*

Peniel alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake kando ya barabara kuu, ndoo zake nyeupe zimepangwa nyuma yake. Kando yake, juu ya kigoda, Chediel alikuwa akinywa chai. Alipomwona Loyce anakuja, na Antipasi nyuma yake amebeba ndoo, alikinywa kikombe chote kwa mkupuo mmoja, akaungua ulimi.

"Shikamoo, dada Peniel."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo si ndiyo siku yako? Umekuja kumtisha shemeji yako?"

"Shemeji hatishiki. Shikamoo, shemeji."

"Mara… marahaba," alisema Chediel, akipuliza ulimi.

"Dada, nina shida ndogo. Nimepata asali ambayo sikuitarajia. Ni nzuri, ila ni kali. Kamati inakuja, kuna wazee, nami nataka niwape iliyo laini. Naomba tubadilishane, ndoo kwa ndoo."

"Wewe umepata asali wapi?"

"Niliikuta tu kazini."

Chediel aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Loyce alizitazama ndoo. Zote zilikuwa na kifuniko kimoja, rangi moja, ukubwa mmoja. Ipi? Nyuki walikuwa wakizizunguka, wanatua, wanaruka, wanatua tena juu ya vifuniko vyenye utelezi wa asali. Walizizunguka zote.

Isipokuwa ile ya pembeni. Ile nyuki walifika karibu nayo, wakageuza njia.

"Naipenda ile ya pembeni," alisema Loyce.

"Ile hapana!" Chediel alisimama wima.

Mkewe aligeuka. "Kwa nini hapana?"

"Ile… imeuzwa."

"Imeuzwa kwa nani, nami niko hapa tangu asubuhi?"

"Kwa mchungaji."

"Mchungaji ana kisukari."

"Nimekosea. Ni kwa shehe."

"Shehe alichukua yake Ijumaa, nikamfungia mimi mwenyewe. Chediel, una homa?"

"Basi haijauzwa, ila haijatulia! Asali hiyo ni changa. Iacheni itulie."

"Itulie? Ni mtoto mchanga?" Peniel alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia Loyce, kwa maana biashara ni biashara. "Lete kwanza yako nionje. Mimi sibadilishani na kitu ambacho ulimi wangu haukijui."

Antipasi alifunua ndoo, akapangusa sisimizi kwa heshima. Peniel alichovya kijiti, akakiweka mdomoni, akafumba macho.

Alipoyafumbua macho, hayakuwa yale ya mwanzo.

"Asali hii ni yangu."

"Ati?"

"Warina asali wa Itigi msimu huu walizidisha moshi, nami niliwagombeza kwa simu mpaka salio likakatika. Moshi ule ule huu hapa." Alikiweka chini kile kijiti taratibu. "Loyce, asali yangu imefikaje kwenye ndoo yako?"

"Dada," alisema Loyce kwa unyenyekevu mkubwa, "hilo ndilo nililokuja kukuuliza kwa adabu."

Peniel aliinuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ndoo iliyokwepwa na nyuki, akakibandua kifuniko.

Harufu ilimrukia kama jogoo. Alirudi nyuma akifuta macho, akakohoa, akatema mate, akashika kifua.

"Nilikuwa nimwuzie nani kitu hiki?" alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ilitisha kuliko kelele. "Mama mjamzito? Mtoto mwenye kikohozi? Baba watoto, hebu nieleze."

Kigoda kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa kimepinduka. Kandambili moja ilikuwa imebaki mchangani, imeelekeza pua yake mlimani.

Peniel hakupiga yowe. Aliingia ndani, akatoka na mchi wa kinu, akaupima uzito kwa mikono miwili.

"Chukua kilicho chako, niachie kilicho changu," alimwambia Loyce. "Tena ukimwona mume wangu, usimguse. Huyo naye ni wangu."

*

Rezini ikishatiwa dawa haimsubiri mtu, na jua la Iguguno huihimiza zaidi. Loyce alilijua hilo kuliko alivyojua siku yake ya kuzaliwa. Alivaa barakoa, akavaa glovu, akapima dawa, akaimimina, akakoroga.

"Haya! Kifuniko!"

Antipasi na vibarua waliliinua ganda la juu. Kutoka upande wa barabara ilisikika sauti ya Peniel ikihama kutoka nyumba hata nyumba. "Chediel! Weee, Chediel! Njoo unywe chai yako!"

"Leo kuna mtu atakunywa," alisema Antipasi, jasho linamtoka. "Dada, kuna magunia ndani ya ganda la chini. Niyatoe?"

Loyce alitazama ndoo. Rezini ilikuwa imeanza kuwa nzito.

"Yaache! Tutayavuta kwa mdomo wa tangi. Shusheni!"

Waliliteremsha. Maganda yalikutana bila pengo. Loyce alizunguka tangi lote akilaza ukanda wa mkeka juu ya kiungo, anaulowesha, Antipasi nyuma yake anaukanda kwa rola. Ukanda mmoja. Wa pili juu yake. Wa tatu juu yake tena. Mkeka mweupe ulikunywa rezini, ukawa angavu kama maji, ukatoweka ndani ya tangi.

"Mbona vigingi vinalia?" aliuliza Antipasi.

"Ni upepo. Kanda hewa hiyo!"

Walipomaliza, waliketi chini wakahema. Ukuta wa tangi ulianza kupata joto wenyewe, bila moto, kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Kisha likapoa. Likawa gumu.

Loyce alitoa sarafu mfukoni. Hiyo ndiyo kawaida yake: hugongagonga kiungo chote akisikiliza. Penye hewa iliyonaswa, sauti hufifia. Palipo imara, hulia kama kengele ndogo.

Ko. Ko. Ko. Palikuwa imara.

Ko. Ko. Imara.

Ko.

"Chya!"

"Afya, dada," alisema Antipasi.

"Asante," alijibu Loyce. Kisha sarafu ilisimama hewani. "Antipasi. Mimi sikupiga chafya."

Walitazamana. Walilitazama tangi. Loyce alikwenda upande wa kichwa, ulipokuwa mdomo wa kujazia mafuta, mdomo ambao kichwa cha mtu kingepita kwa shida na mabega yasingepita kamwe. Alichungulia.

Gizani, kati ya magunia, macho mawili yalimtazama.

"Shemeji," yalisema.

"Yesu wangu!"

"Shh! Ameshapita?"

"Chediel! Umeingiaje humo?"

"Nilijificha. Nilijua hapa hatanitafuta. Nani angedhani naweza kukimbilia kwako? Nikajifunika magunia. Nilitaka kutoka, mkafunika."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Naye alikuwa anapita na mchi!"

Antipasi alikuwa ameketi chini, ameuma kofia yake kwa meno asicheke, machozi yanamtoka. "Dada," alisema alipoweza, "umetengeneza tangi la kwanza lenye mwenyewe ndani."

Lakini Loyce hakucheka. Alikuwa amekwisha kuisikia ile harufu ikimjia kutoka mdomoni, ile ile iliyomfanya Peniel ashike kifua.

"Chediel, nisikilize. Mbele ya miguu yako kuna tundu dogo la bomba. Weka pua hapo. Vuta hewa ya nje. Usivute ya ndani."

"Kichwa kinaniuma."

"Kitakuuma zaidi. Antipasi! Grainda!"

"Umeme umekatika tangu saa ile tunachanganya."

"Lete msumeno."

Antipasi aliacha kucheka. Aliinuka, akausogeza mdomo wake karibu na sikio la Loyce.

"Dada, kamati iko njiani. Ukilikata, huna tangi. Huna tangi, huna banda. Mtu huyu ametuibia, amekusudia tuaibike, kisha ameingia mwenyewe kwa miguu yake. Pua anayo, tundu la hewa lipo. Acha akae mpaka jaribio liishe."

"Wewe umeshawahi kukaa humo na mvuke wa rezini?"

"La."

"Mimi nimeshakaa, wakati najifunza kazi. Nilivutwa nje kwa miguu, nimezimia. Msumeno."

Sauti ilitoka tangini, nyembamba na yenye mwangwi. "Shemeji Loyce, usikate."

"Nyamaza uvute hewa."

"Mke wangu atasikia! Tena utapoteza banda."

"Najua."

"Sasa kwa nini unakata?"

"Kwa sababu umo ndani, wewe mpumbavu."

Loyce aliupokea msumeno. Sauti ya Peniel kule barabarani ilikuwa imekoma.

"Mimi nisingekata," alisema Chediel polepole.

"Hilo nalo nalijua."

Aliuweka msumeno juu ya kiungo alichokuwa amekilaza kwa mikono yake, akasukuma. Vumbi jeupe liliruka. Alisukuma tena na tena. Kioo si mti. Kioo hula meno ya msumeno kama mbuzi alavyo mahindi mabichi. Mkato ulipofika urefu wa kiganja, msumeno ulianza kuteleza. Loyce aliugeuza, akapapasa makali yake. Yalikuwa laini kama ya kisu cha kupakia siagi.

"Meno yamekwisha," alisema.

"Nani amekuruhusu kulikata tangi kabla halijajaribiwa?"

*

Mzee Manase, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa amesimama mlangoni pa banda na fimbo yake, kamati nzima nyuma yake. Wakubwa hawa walikuwa wamewahi kufika, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya ushirika ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Mzee, kuna tatizo ndani ya…"

"Tatizo nalijua! Nililisema tangu mwanzo. Mkeka na gundi! Babu zetu hawakuweka mafuta katika mkeka."

"Babu zetu waliweka mtama katika kihenge, mzee, na kihenge ni fito na udongo. Fito hizo zikiwa peke yake ungepikia ugali. Lakini nisikilize kwanza, humu ndani…"

"Usinifundishe kihenge, binti. Mimi nimeingia vihenge vingi kuliko umri wako." Mzee Manase alikuwa ameshafika kwenye tangi, na watu wa kamati walikuwa wameshaanza kutabasamu, kwa sababu walimjua. "Na kihenge kipya hakinunuliwi kwa macho. Kinagongwa, kinabishiwa hodi. Kikiitika vizuri, kizima. Kikinung'unika, kimeoza."

"Mzee, tafadhali usi…"

Aliinua fimbo yake, akagonga ubavuni mwa tangi mara tatu, kwa madaha ya mtu anayejua kuwa anatazamwa.

"Hodi humu!"

Sasa, msomaji, mlaumu Chediel kwa wizi. Mlaumu kwa ubahili. Lakini usimlaumu kwa malezi. Mama yake alimlea vyema kule Kinampanda, na mtu aliyelelewa vyema, akibishiwa hodi, kinywa chake hujibu kabla akili haijakizuia.

"Karibu," tangi lilijibu.

Fimbo ya Mzee Manase ilianguka.

Mjumbe mmoja wa kamati alijikuta nje ya banda bila kukumbuka kuwa ametembea. Mwingine alianza kusali. Mzee Manase mwenyewe alilinyoshea tangi kidole.

"Limesema… limesema karibu."

"Ndilo nililokuwa nikitaka kukueleza, mzee," alisema Loyce. "Ndani kuna mtu. Lazima tumtoe sasa hivi. Naomba msumeno mwingine, au shoka, au chochote kile. Jaribio limekwisha. Banda mtalichukua."

"Mtu gani?"

"Sauti hiyo," ilisema sauti nyingine kutoka mlangoni, tulivu kabisa, "mimi naijua."

Kamati iligawanyika katikati bila kuamriwa.

Peniel aliingia na mchi begani. Alipita mbele ya Mzee Manase, akamwamkia kwa magoti kama ipasavyo, akainuka, akaenda moja kwa moja upande wa kichwa cha tangi. Aliuegemeza mchi ukutani. Aliinama. Aliuweka uso wake mdomoni pa tangi, mwanga wote ukazibika.

"Baba watoto," alisema kwa upole. "Chai yako imepoa."

Kutoka ndani ulisikika mkwaruzo. Mtu mzima, mnene kiasi, alikuwa akijiburuta kwa kasi kwenda pembeni, mbali na jicho lile, akiparamia ukuta wa mviringo kama anayetaka kutokea upande wa pili.

"Chediel, tulia!" Loyce alipaza sauti. "Usiegemee upande mmoja!"

Vigingi vililia.

Safari hii haukuwa upepo.

Kigingi cha kwanza kilichomoka. Cha pili kilimfuata mwenzake. Tangi lilijitingisha juu ya magogo kama ng'ombe anayetaka kuinuka, Antipasi akalirukia, akateleza kwa glovu zake, na mkono wa Loyce ukashika hewa.

Likaondoka.

Lilipita mlango mpana wa banda, wajumbe wakalipisha kwa heshima zote, likaukuta mteremko ambao watu wa Iguguno huukwepa hata kwa baiskeli.

"Mama!" tangi lilisema lilipogeuka mara ya kwanza.

"Mama!" lilisema tena lilipogeuka mara ya pili, kwa kasi zaidi.

Loyce alikimbia nyuma yake, msumeno butu bado mkononi. Lilipiga jiwe, likaruka juu, likatua, likaendelea. Kila lilipojigeuza, aliuona mkato wake mwenyewe, urefu wa kiganja, ukija juu na kushuka, ukija juu na kushuka. Mikono yake ilikuwa imekilaza kiungo kile. Mikono yake ilikuwa imekijeruhi. Alikuwa hawazi tena habari za banda. Alikuwa anakaza macho kuona kama mkato umefika urefu wa viganja viwili.

"Kiungo kinashika?" Antipasi alipiga kelele nyuma yake.

"Kinashika! Mpaka sasa kinashika!"

"Nani yuko kule chini?"

Loyce aliyainua macho kutoka kwenye mkato.

Chini ya mteremko, katikati ya uwanja wa karakana yake mwenyewe, vibarua wa Chediel walikuwa wamekwisha kulitoa nje, likiwa limepigwa rangi mpya na kufungwa utepe mwekundu kwa ajili ya kamati, tangi la chuma la Chediel. Vibarua walitazama juu. Waliona kinachokuja. Walimsikia tajiri wao akiita mama yake kutoka ndani yake. Hawakuuliza swali lolote. Walitawanyika kama vifaranga.

Chuma kilibaki peke yake njiani.

Na ndani ya giza, akigeuzwa pamoja na magunia, kichwa chini na miguu juu, Chediel aliiona kwa tundu la bomba kazi ya mikono yake ikimkaribia. Hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alimwomba Mungu kwa moyo wote kwamba tangi la Loyce lisivunjike.